Hatuna Dai

Ridhwan alilitoa neno lenyewe Ijumaa asubuhi, huku akipaka siagi kwenye boflo, na Faiza akashukuru. Mtu asimcheke. Kuna wanawake wanaoachwa kwa ujumbe wa simu, wengine huletewa habari na mashoga zao, na huyu mumewe alimketisha jikoni, akammiminia chai, akamwambia kwa upole kwamba wao wawili hawajakosana ila hawana tena la kuishi pamoja. Ilikuwa kweli. Ridhwan alikuwa mtu wa mapokezi katika hoteli moja ya Paje, akirudi mjini usiku mmoja au miwili kwa wiki, na usiku huo kila mmoja wao aliungojea uishe. Faiza alilijua hilo zamani, akakosa ujasiri wa kulisema.

"Umenitua mzigo," alimwambia. "Wallahi umenitua."

"Basi tuachane kama watu," Ridhwan alisema. "Hakuna haja ya kwenda kukaa kwenye mabenchi ya mahakama, wala ya wakili wa kutufunza kutukanana. Wakili wa nini? Kwani sisi tunagombana?"

"Hatugombani."

Waligawana vitu vyao palepale mezani, maana vilikuwa vichache. Ridhwan atachukua feni ya kusimama, vitabu vyake na friji dogo. Yusra, binti yao wa miaka tisa, atabaki na mama yake kwa ajili ya skuli na chuo cha Kurani, na mwisho wa wiki atakuwa kwa baba yake. Ikafika zamu ya nyumba, na hiyo ndiyo Faiza aliyokuwa akiiogopa. Ilikuwa nyumba nyembamba katika kichochoro cha Mkunazini, vyumba viwili juu, na chini chumba kimoja chenye mlango wa njiani, ambamo alishona sare za skuli. Ridhwan aliirithi pamoja na binamu yake. Fungu la binamu lililipwa kwa dhahabu ya harusi ya Faiza, bangili na mikufu na kipini cha bibi yake, na mtaa mzima uliiona mikono yake ikibaki mitupu.

"Nyumba ni yako," Ridhwan alisema kabla hajaulizwa. "Mimi nnalala Paje, nitaifanyia nini? Kaa na mwanao."

Faiza alifuta meza, ingawa ilikuwa safi. "Ungeliandika," alisema.

"Niandike?" Ridhwan alicheka, cheko la mtu aliyeumizwa kidogo. "Umri wote huu, Faiza, leo unanitilisha saini kama mwizi?"

Akaona haya. Akamwomba radhi, yeye anayeachwa, akamwongezea chai. Chini dirishani Yusra alikuwa akihangaika na baiskeli mpya aliyonunuliwa na baba yake wiki iliyopita, akipiga kengele, akienda kidogo akigonga ukuta, maana kichochoro chao watu wawili wenye vikapu hawapishani. Jirani yao Mwanakheri alishauliza baiskeli ile ni ya kupandwa wapi.

"Waliobaki ni wazee tu," Ridhwan alisema akiinuka. "Upande wangu atasimama ami Mjaka, na wewe tafuta wako. Watu wasije wakasema tumeachana barabarani. Hakamu wa huku, hakamu wa huku, wakae, wasikilize, isomwe Fatiha, tumemaliza."

*

Faiza hakuwa na wa kumtafuta zaidi ya kaka yake Mansour. Baba yao Suhail alishafariki, na Mansour ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazee Uroa, pamoja na mkewe Nassra, watoto, na mama yao Bi Kazija ambaye kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Mdomo wake ulikwenda upande na maneno yalitoka kwa kuvutwa, ila akili ilikuwa palepale. Wageni walilisahau hilo, wakazungumza mbele yake kama mbele ya mtoto mchanga.

Faiza alipofika, Nassra alikuwa uani anafua shuka. Hakunyanyuka.

"Karibu, mgeni," alisema. "Zote hizi unazoziona ni za leo." Akanyoosha mikono ili vidole vilivyochunika kwa sabuni vionekane vizuri. "Mimi sisemi kitu. Nnamuosha, nnamlisha, nnamgeuza. Wewe unakuja na machungwa yako, unambusu, unaondoka na gari ya alasiri, na watu wanasema Faiza huyo anavyompenda mama yake."

Faiza aliona maneno yalikuwa ya haki. Siku ile alimuosha mama yake mwenyewe, akamkata kucha, akamsuka nywele zilizobaki. Alipotaka kuinuka, Bi Kazija alimshika ncha ya kanga kwa mkono ule mzima.

"Utarudi?"

"Wiki ijayo, mama, inshaalla."

Bi Kazija aliendelea kumtazama, kana kwamba hilo silo aliloliuliza. Kisha akamwachia.

Mansour alirudi kula mchana akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, maana biashara yake ilikuwa saruji na mabati. Faiza alimweleza yote, naye alimsikiliza bila kumkata, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Sitaki makubwa, kaka. Mtoto tushakubaliana. Jambo langu ni moja, nyumba. Ridhwan mwenyewe kaniachia, lakini nnataka itajwe mbele ya wazee. Ukishaitaja wewe, imetoka."

"Nshasikia."

"Utaitaja?"

Mansour aliacha tonge mkononi. "Mimi kaka yako au mpita njia?"

Ikawa mara ya pili anaona haya kwa kuuliza. Alimtilia mchuzi mwingine, akaondoka na gari ya alasiri, na njiani akajiona mwanamke mwenye bahati, kwa kuwa wengine huachwa hawana hata wa kuwasemea.

*

Kikao kilifanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata, chini, katika chumba cha kushonea. Cherehani ilisukumwa pembeni, ikafunikwa kitambaa cheupe, juu yake Faiza akaweka sinia la halwa na vikombe vya kahawa. Wanaume walikaa kwenye mikeka: Mzee Mjaka, mstaafu wa forodhani aliyependa kusema na kusikilizwa, Mansour katika kanzu yenye mikunjo ya pasi, Ridhwan, na mashahidi wawili. Mmoja alikuwa muadhini wa msikiti wa jirani. Wa pili, Yussuf, alifanya kazi na Ridhwan hotelini, na muda wote alikuwa akitazama boriti za dari na kuugongagonga ukuta kwa kidole. Faiza na Mwanakheri walikaa kwenye ngazi, nyuma ya pazia. Palikuwa na mwanya, na kupitia mwanya huo Faiza alimwona mumewe ubavuni.

Mzee Mjaka alianza mbali. Alisifu ndoa, akasifu talaka ya wema, akawasifu wazazi waliokwisha kufa, ndipo akafika.

"Sisi upande wa mume tumekuja kwa heri. Upande wa mke, mna dai gani?"

Mansour alikohoa. "Hatuna dai, ami. Dada yetu hatukumuoza kwa ajili ya kuta. Alikuja na heshima yake, ataondoka nayo. Kwao kupo na mama yake yupo. Yote yaliyokuwako tumesamehe."

Faiza hakushtuka. Neno hilo la hatuna dai analijua kila aliyewahi kukaa nyuma ya pazia katika mji huu. Ni adabu ya kufungulia mazungumzo. Upande wa mke husema hatuna dai, na upande wa mume hukataa palepale, husema hapana, haki yake ataichukua, na hapo ndipo vitu hutajwa kimoja kimoja kwa utulivu bila ya mtu kuonekana mroho. Kwa hiyo alitulia, akamtazama Ridhwan, akisubiri akatae.

Ridhwan alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Mashaalla," alisema Mzee Mjaka, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Hawa ndio watu. Siku hizi watu wanapelekana mahakamani kwa sufuria. Ridhwan, umesikia shemeji yako alivyosema?"

"Nimesikia, ami."

"Una neno?"

"Sina. Namshukuru."

Mwanakheri alimfinya Faiza paja. Bado Faiza alijiambia labda Mansour atalirudia, labda anangoja kahawa ipite, labda kuna mpangilio ambao wanaume wanaujua na yeye haujui. Mzee Mjaka akageukia pazia.

"Faiza, mwanangu. Kaka yako keshasema. Umeridhika?"

Angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno moja tu. Lakini kulisema ni kumwambia Mansour mwongo mbele ya shemeji zake, ni kupaza sauti mbele ya muadhini juu ya kuta na boriti baada ya kaka yake kusema heshima. Alikuwa akitafuta namna ya kulifunga kwa maneno mazuri, akiyapanga, akiyapangua. Siku ya harusi yake waliuliza vilevile, akanyamaza vilevile, na wote wakacheka kwa furaha wakasema bi harusi ameridhia.

"Haya," alisema Mzee Mjaka. "Kimya chake ndiyo jawabu lake. Ridhwan, tamka."

"Faiza binti Suhail nimemwacha talaka moja," Ridhwan alisema, kwa sauti ileile ya mapokezi anayowapokelea wageni.

Wakainua mikono, wakasoma Fatiha, wakajipangusa nyuso. Kisha wakala halwa aliyoipika Faiza, wakanywa kahawa yake, na Mzee Mjaka akauliza kama ile iliki ni ya Pemba.

*

Wengine walipotoka, Ridhwan alipanda juu kuchukua feni. Alimkuta Faiza amesimama mbele yake, mikono imeshika pande zote mbili za mlango.

"Tulisema nini jikoni?"

"Faiza, umesikia mwenyewe. Kaka yako kasamehe mbele ya watu. Ningesema nini?"

"Ungesema nyumba ni yake. Maneno matatu."

"Na wewe mbona hukuyasema?"

Alilitoa bila ya hasira, kama mtu anayeulizia ufunguo, na ndipo Faiza alipojua kwamba jawabu hilo lilikuwa limeshaandaliwa. Akamtazama vizuri.

"Ulijua."

Ridhwan alihamisha feni kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. "Mansour alinijia Paje juzi Alkhamisi. Akasema nyinyi kwenu mshazungumza, mama yako hana wa kumtazama, Nassra kachoka, wewe utarudi Uroa. Akasema hawatadai. Mimi nikaona haya ni mambo ya kwenu, siwezi kuingia baina ya ndugu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Kuna watu wanaitaka nyumba, Faiza. Kwa ajili ya wageni. Yussuf anasema vyumba viwili hivi, vikipakwa chokaa, vikiwekwa kitanda cha nguzo..." Akaacha. "Nitakutazama. Kila mwezi nitakutazama kidogo. Nshasema sisi si maadui."

Faiza aliondoa mikono mlangoni, akampisha. Alimsikia akishuka kwa uangalifu asiigonge feni ukutani, na mlangoni akimwambia Mwanakheri asalamu alaikum. Kilichomuuma zaidi ya yote wakati ule ni ile chai. Alikuwa amemwongezea chai kwa kumwomba radhi.

Mwanakheri alipanda akamkuta ameketi juu ya kasha. Alikuwa mjane, mkali, na hakuwa na subira na watu wa kulia.

"Kaka yako kasema Jumatatu anakuja na gari kuhamisha," alisema. "Utahama?"

"Nina ujanja gani? Fatiha ishasomwa."

"Fatiha ishasomwa, na eda je? Wewe chuoni ulikuwa unasinzia? Kakuacha talaka moja, ya rejea, ya mume kuweza kumrudia mke. Mwanamke wa talaka ya rejea anakaa eda nyumba ileile aliyoachwa, na yule mwanamume anamlisha, mpaka eda iishe. Hatolewi. Sisi ndio tuliojizoesha kutoka siku ileile na mabunda kichwani, kwa sababu ya haya. Haya zenyewe ni za nani, nambie?"

Faiza alikuwa amelisoma hilo utotoni kama alivyosoma mengi, bila kudhani kwamba ipo siku atalihitaji. Akalichukua neno lile, akalala nalo.

*

Jumatatu asubuhi Mansour aliegesha gari yake ya mizigo barabarani, akaingia kichochoroni kwa miguu na vijana wawili wa kubebea. Alimkuta dada yake anashona. Hakuna kilichofungwa. Sufuria zilikuwa mahali pake, nguo zilikuwa kwenye kamba.

"Hujafunga vitu?"

"Sitoki, kaka. Nimo edani."

Mansour aliwatazama vijana, akawaambia wakasubiri nje. Akafunga nusu ya mlango. "Usinitie aibu. Nimekodi watu."

"Aibu ni ile ulonitia mimi. Nlikwambia jambo moja. Uliniambia wewe si mpita njia."

"Nimekufikishia heshima."

"Heshima nilikuwa nayo. Nyumba ndiyo niliyokutuma."

Mansour alikaa juu ya kigoda cha wateja. Alikuwa mtu mnene, na kigoda kilimfanya aonekane mtoto mkubwa aliyekaa vibaya. Kwa muda alijaribu maneno ya dini, kisha ya ukoo, na yote yakamwishia.

"Nassra kaniambia," alisema hatimaye. "Ama mama apate mtu, ama yeye anakwenda kwao. Kashafunga hadi mikoba. Nifanye nini? Mimi nna mke wa kupoteza, Faiza. Wewe wako ushampoteza."

Cherehani ilisimama. Faiza alikuwa tayari kusikia mengi kwa kaka yake, na hili hakulitarajia. Machozi yalimjaa, akayaacha yashuke bila kuyafuta, maana mikono ilikuwa inashika kitambaa cha watu.

"Ungelinambia. Ungelikuja ukasema Faiza, mama amenishinda, nisaidie. Ningemchukua hapa hapa, chumba cha juu. Ukaona bora univunjie kwangu ili nisiwe na pa kwenda."

"Hapa ngazi zote hizi? Na si mimi niliyetaka. Ni mama."

"Usimsingizie mgonjwa."

"Yumo garini," alisema Mansour. "Muulize."

Alitoka, akarudi amembeba Bi Kazija mikononi, kichwa chake kimeegemea bega la kanzu, ndara moja mguuni. Majirani waliokuwa kwenye mabaraza walijikunyata kupisha. Njiani kutoka Uroa ajuza alikuwa amejikojolea, na kanga ilikuwa imemganda mapajani. Mansour alimweka juu ya mkeka, pale pale palipofanyika kikao, akageuza uso ukutani. Faiza akamwambia atoke.

Alichota maji, akayapasha kidogo, akamvua mama yake na kumuosha kuanzia miguuni kama anavyopenda. Hakuharakisha. Alimkausha mikunjo ya mwili, akampaka mafuta, akachukua kanga zake mwenyewe mpya, zile alizoziweka kwa ajili ya Idi, akamfunga moja kifuani na moja kichwani. Ndipo akauliza, akiwa anatafuta kitana ili wasitazamane.

"Mama. Ni wewe ulomwambia Mansour anitoe hapa?"

Bi Kazija alivuta pumzi. Maneno yalichukua muda kufika.

"Nassra... ananifua. Kama nguo." Akapumzika. "Nlikutaka wewe. Nyumba ingekuwapo... usingekuja."

"Ungeniita, mama."

"Nlikuita," alisema Bi Kazija. "Nlikuuliza, utarudi. Ukasema wiki ijayo."

Faiza aliendelea kumchana. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuwapo, kubwa kuliko ile ya ngazini, lakini ilikuwa haina pa kusimama mbele ya kichwa kile kidogo chenye nywele nyeupe za kuhesabika. Mtu aliyemfunza kusuka, kupika, kusema naam akiitwa, alilala kitandani mwake Uroa akafikiri, akaona njia ya kumpata mwanawe ni kumuondolea paa. Na alikuwa na haki ya kutaka kuoshwa na mkono mpole. Faiza aliyaona yote mawili, na kuyaona hakukumpunguzia kitu.

Alimaliza kumsuka. Akafungua mlango.

"Kaka, mama yuko tayari. Mchukue."

"Nimchukue wapi? Nnakuja na nyote."

"Mrudishe. Ijumaa mlete humu, nitamuosha, akae mpaka Jumapili. Na kila wiki vivyo hivyo, Nassra apumzike. Chumba cha juu nitakitengeneza, na ngazini utambeba wewe, mgongo unao. Lakini mimi Uroa siji, na hapa sitoki."

Bi Kazija alikuwa ameshika ncha ya kanga yake tena. Faiza alipiga magoti, akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, akaubusu mkono, akauweka juu ya tumbo. Mansour alimbeba mama yake. Walipofika katikati ya kichochoro, majirani wakiwa wametoa vichwa madirishani na Mwanakheri amesimama na ungo wake, Faiza alitoka mlangoni bila pazia.

"Mansour. Niliulizwa juzi kama nimeridhika, sikujibu. Leo nnajibu. Sikuridhia."

Hakupaza sauti sana. Kichochoro ni chembamba, kila mtu alisikia. Mansour alisimama kidogo, mgongo umemwelekea, kisha akaendelea kutembea na mama yake mikononi.

*

Mchana Yusra alirudi kutoka skuli, akamkuta mama yake anafua uani.

"Kanga ya nani hiyo?"

"Ya bibi. Alikuja."

"Kaja kutuchukua?" Yusra aliweka mkoba chini. "Ndiyo tunahama leo?"

Faiza aliacha kufua. Hakuwa amemwambia mtoto lolote zaidi ya kwamba baba yake atakuwa anakaa Paje. Siku ya kikao alimpeleka kwa shoga yake Ilham, Kikwajuni, ili asisikie.

"Nani kakwambia tunahama?"

"Baba."

"Lini?"

Yusra alitazama baiskeli iliyoegemezwa chini ya ngazi, na akajua keshaharibu. "Siku ile kaniletea hii. Kasema tutakwenda kukaa Uroa kwa bibi, kule pana pwani ndefu, maji ya bahari yakitoka nitaiendesha mpaka nichoke. Kanambia nisikwambie, atakwambia mwenyewe."

Faiza alikaa juu ya ukingo wa sinki. Baiskeli ilikuja kabla ya ile Ijumaa ya boflo. Kabla ya chai, kabla ya "tuachane kama watu", kabla ya "nyumba ni yako". Ridhwan alipomwambia kaa na mwanao, mwanawe alikuwa keshapewa zawadi ya kuondokea, na ile safari ya Mansour ya Alkhamisi ilikuwa hadithi tu ya kuwapunguzia wote lawama. Hapakuwa na siku hata moja ambayo walikuwa wawili jikoni wakiachana kwa wema. Alikuwa peke yake pale mezani, akimshukuru mtu.

Alilia, mara hii kwa sauti, kanga ya mama yake ikiwa mikononi, na Yusra akasimama akimtazama kwa hofu. Kisha akanawa uso kwa maji ya bomba. Akaikamua kanga, akaianika. Alipanda juu, akashuka amevaa buibui na ushungi, akafunga mlango wa chumba cha kushonea na kuutia ufunguo kifuani.

"Vaa viatu," alimwambia Yusra.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa kadhi, kabla hawajafunga."

"Kufanya nini?"

"Kusema."

Yusra alifunga kamba za viatu polepole, akifikiri. Walikuwa wameshafika kona ya msikiti alipouliza lile lililokuwa linamtatiza.

"Lakini baba kasema nyinyi hamgombani."

"Tulikuwa hatugombani," alisema Faiza, akamshika mkono wavuke barabara. "Sasa tunagombana."